Nyota zilizogeuka maua: uchambuzi wa biskuti mia za Idi zilizoniharibikia

Jumatatu ya tarehe 8 Aprili 2024, saa nne za usiku, meza yangu ya chakula ilikuwa imejaa biskuti mia moja na kumi zenye umbo la nyota, kila moja imepakwa aisingi nyeupe ya sukari na kuchorwa mwezi wa kijani na nyota ndogo pembeni. Jumanne saa sita mchana hapakuwa na hata moja ambayo ningethubutu kumpelekea mtu. Rangi ya kijani ilikuwa imetiririka juu ya nyeupe, aisingi inanata kwenye kidole kama gundi, na biskuti zenyewe zimelainika kama mkate uliosahauliwa kwenye mvuke.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila mwaka, likiingia kumi la mwisho la Ramadhani, naulizwa maswali yaleyale na akina dada wanaooka nyumbani: kwa nini nyota yangu imekuwa ua, kwa nini aisingi haikauki. Jibu wanalopewa mara nyingi ni moja, "ongeza unga." Mimi pia niliambiwa hivyo, nikaongeza, na nikapoteza siku nzima.

Oda ilitoka madrasa ya mtaani kwetu, Magomeni, Dar es Salaam. Ustadhi alitaka kila mtoto atoke na biskuti yake siku ya Idi, yenye mwezi na nyota. Biskuti mia, shilingi 1,500 moja, jumla 150,000, na nusu yake alinipa mkononi. Nilikuwa nimeoka keki kwa miaka sita na biskuti za kawaida kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Za kuchora, hizi zenye sura laini kama kigae, nilikuwa nimezitengeneza mara mbili tu, tena kidogo kidogo, tena mwezi wa Julai wakati wa kipupwe. Nilidhani Aprili itakuwa sawa na Julai. Huo mwaka masika yalikuja na mvua za El Nino juu yake. Rufiji kulikuwa na mafuriko, na Dar nguo zilikaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka. Nguo zile zilikuwa zinanieleza kila kitu, nami sikuzisikiliza.

Kipimo nilichotumia nilikitoa kwenye video ya dada mmoja wa nchi ya baridi akioka biskuti za Krismasi, theluji inaonekana dirishani kwake. Unga gramu 360, siagi 225, sukari 200, yai moja, vanila, chumvi kidogo, na kijiko cha chai kimoja na nusu cha baking poda. Si kipimo kibaya. Alisema siagi iwe "imelainika kwa joto la chumba." Chumba chake, kama vyumba vingi vya huko, labda kilikuwa na nyuzi 20. Jikoni kwangu siku ile zilikuwa zinakaribia 31 na oveni ilikuwa bado haijawashwa. Siagi huanza kuyeyuka kati ya nyuzi 32 na 35. Maana yake ni kwamba siagi yangu ilikuwa mlangoni mwa kuyeyuka kabla sijaigusa kwa mwiko.

Jumamosi tarehe 6 nikasukuma donge, nikakata nyota kwa kikatio cha sentimita 7 kutoka ncha hadi ncha, nikapanga kwenye trei, nikaingiza ndani. Baada ya dakika tano nilichungulia kwenye kioo. Ncha zilikuwa zimeanza kuinama. Dakika ya nane ncha hazikuwepo tena. Nilitoa maua matano matano yaliyotanuka hadi yakagusana, pembeni yamekuwa membamba na kuungua, katikati bado mabichi. Trei ya pili ikawa mbaya zaidi, na leo najua kwa nini: niliipanga juu ya trei iliyotoka motoni dakika chache kabla, siagi ikaanza kuyeyuka hapohapo juu ya meza.

Nikampigia simu rafiki anayeoka. "Unga wako mwepesi, shoga. Badilisha unga, na uongeze kikombe." Jumapili, sikukuu ya Karume, nikaenda kununua unga mwingine na kuongeza karibu nusu kilo katika madonge yote. Nyota zikatoka na sura ya nyota, ingawa zimeviringika mabegani. Lakini zilikuwa ngumu, zimepasuka juu kama udongo wa kiangazi, na ncha zikikatika ukizishika. Nilizikubali kwa sababu muda ulikuwa unakwisha. Unga haukuwa na kosa. Nilikuwa nimetibu ugonjwa mmoja kwa dawa ya mwingine, na kwa kuwa mgonjwa aliinuka kidogo nikaamini dawa ni sahihi. Imani hiyo ndiyo iliyonizuia kutazama kitu kingine chochote.

Usiku wa aisingi

Aisingi niliyotumia ni ile ya ute wa yai na sukari laini, inayokauka ikawa ngumu. Ute mitatu kwa gramu 450 za sukari. Nikaongeza vitu viwili kwa utashi wangu. Kwanza, kijiko cha asali ili ing'ae. Pili, rangi ya kijani ya maji, ile ya kichupa, na kwa kuwa nilitaka kijani kilichokolea nilitia matone mengi hadi aisingi ikawa nyepesi, nikaongeza sukari, ikawa nzito, nikaongeza rangi tena. (Jambo jingine ambalo sitalirudia: ute mbichi kwa watoto mia. Siku hizi natumia unga wa ute wa yai, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki Kariakoo.)

Video ilisema uache zikauke usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Nikaacha. Feni juu, madirisha wazi, mvua nje. Alfajiri baada ya daku nikagusa moja na kidole kikaacha alama. Saa tatu asubuhi, vilevile.

Kwenye rafu juu ya meza ile kulikuwa na kichupa cha chumvi chenye punje za mchele ndani, kama zilivyo nyumba zote za pwani. Wiki ile mchele haukusaidia kitu. Chumvi ilikuwa majimaji. Na kwenye mkebe wa sukari, sukari ilikuwa imeshikana mabonge na pembeni imeanza kutoa unyevu. Mkebe ule na kichupa kile ni vipimo, na ni sahihi kuliko nilivyojua. Chumvi huanza kuvuta maji ya hewani na kulowa pale unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 75. Sukari ya kawaida ni mvumilivu zaidi, yenyewe huanza karibu na 85. Sukari ya matunda, ambayo asali imejaa, haifiki hata 65. Basi ukiona chumvi imelowa ujue umepita 75, na ukiona sukari nayo imeanza kutota ujue hewa iko kwenye 85 au juu yake. Katika hewa ya namna hiyo aisingi haiwezi kukauka hata ukiiacha wiki nzima. Sukari iliyo juu ya biskuti inanywa maji kutoka hewani badala ya kuyatoa. Na ile asali niliyoitia kwa mapenzi ilikuwa inanywa tangu saa ya kwanza.

Feni nayo? Feni inapuliza hewa ileile. Ikiwa hewa ya chumba imejaa maji, feni inaleta tu maji mapya karibu na biskuti kwa haraka zaidi. Madirisha niliyofungua ili "hewa ipite" yalikuwa yanaingiza masika ndani.

Saa nne asubuhi nikafanya kosa lililomaliza mchezo. Nikaziweka biskuti kwenye friji. Baada ya saa moja na nusu zilikuwa zimekauka juu, kweli kabisa, nikazigusa na nikashukuru. Nikazitoa zote, nikazipanga mezani ili nizifunge kwenye mifuko. Kabla sijafunga ya kumi, zile za kwanza zilikuwa zimeanza kutoa jasho. Ni kama chupa ya maji baridi unapoitoa nje: hewa ya Dar mwezi wa Aprili hudondosha umande juu ya kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 hivi, na biskuti zangu zilikuwa na nyuzi 5. Matone yakajikusanya juu ya sukari, rangi ya maji ikayeyuka ndani ya matone, na kijani kikatembea. Katika robo saa kazi ya siku tatu ilikuwa imekwisha machoni pangu. Nilikaa chini. Ilikuwa Ramadhani 29, na kama mwezi ungeandama jioni ile, watoto wangeswali asubuhi.

Kikombe cha kahawa na lozi

Mama mkwe alikuja kufuturu kwetu jioni ile. Aliangalia meza, hakusema neno hadi alipomaliza uji. Kisha akasema, "Mwanangu, acha kupigana na sukari. Nipe samli na unga."

Alichofanya ni nankatai za kwao Unguja, bila magadi wala baking poda. Samli, sukari laini, unga wa ngano uliochanganywa na unga wa mchele kama theluthi moja, iliki ya kutwanga. Tulifinyanga vidonge, tukavibana kidogo kwa kiganja. Halafu akachukua kikombe kidogo cha kahawa, akakiinamisha, akabonyeza ukingo wake upande mmoja tu wa kidonge. Ikatoka alama ya mwezi mchanga. Katikati yake akachomeka kipande cha lozi. Hiyo ndiyo nyota.

Nilitazama zile alama nikitegemea zitafutika motoni. Hazikufutika. Zililegea kidogo, zikabaki. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa ameondoa karibu kila kitu kilichonishinda: samli karibu yote ni mafuta wakati siagi ina maji kama asilimia 16, unga wa mchele hauvutiki kama wa ngano, hakuna poda ya kuumusha, na pambo limo ndani ya biskuti yenyewe, halisubiri kukauka. Wamisri wanaifanyia kahki, biskuti yao ya Idi, hivyohivyo, wakiifinya michoro kabla ya kuoka na kuinyunyizia sukari laini mwishoni, na watu wa Sham, yaani Syria na majirani zake, wanayo biskuti ya maamuli inayogongwa kutoka kwenye kibao cha mti kilichochongwa. Wote hao ni watu wa Idi. Mimi nilikwenda kutafuta elimu kwenye theluji nikaiacha mezani kwa mama mkwe wangu, na hilo liliniuma kuliko hasara ya sukari.

Mwezi uliandama. Mwaka ule wanaofuata mwandamo wa hapa na wanaofuata wa Makka wote tuliswali Jumatano tarehe 10. Saa saba za usiku tulikuwa na nankatai mia na tano zimepoa. Nilimpelekea Ustadhi baada ya swala, nikamweleza wazi kwamba sicho alichoagiza, nikampunguzia shilingi 50,000. Alizipokea, na ilikuwa haki yake.

Kurudia kosa kwa makusudi

Mwezi wa Mei, mvua zikiwa bado zinanyesha, niliamua kuirudia Jumamosi ile polepole. Nilinunua vitu viwili: kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni, na kidude kidogo kinachoonyesha joto na unyevu wa chumba. Vyote havikuzidi nusu ya fedha nilizorudisha.

Kipimajoto kilinipa jibu la kwanza ambalo sikulitarajia kabisa. Kitasa cha oveni yangu kikiwa kwenye 180, ndani kulikuwa na 150. Joto dogo ni adui wa nyota, ingawa akili inaweza kukudanganya kwamba moto mdogo ni upole. Biskuti ni mashindano: siagi inakimbilia kuyeyuka, yai na unga vinakimbilia kushikana. Moto ukiwa mdogo siagi inamaliza safari yake kabla yai halijaanza, na kilichoyeyuka hutiririka.

Kisha nikaoka nne nne, nikibadilisha jambo moja kila mara, nikipima kwa rula kutoka ncha hadi ncha. Kikatio ni kilekile cha sentimita 7. Kipimo cha video kama kilivyo, donge la joto la jikoni: 8.7. Kilekile, lakini nyota zilizokwisha kukatwa zikalala kwenye freza dakika 20 juu ya trei yao: 7.9. Nikaondoa baking poda: 7.4, na kwa mara ya kwanza ncha zikawa kali. Nikapandisha kitasa hadi ndani kuwe na 180 kweli: 7.2. Nikabadilisha sukari ya chembe kwa sukari laini, na ikabaki palepale 7.2 ila uso ukawa laini zaidi, bila mashimo, kitu ambacho mchoraji wa aisingi anakihitaji.

Unga niliupima kwa mizani nikaacha kikombe. Kikombe kilekile kinaweza kubeba gramu 120 ukiujaza kwa kijiko, na 150 au zaidi ukikichota ndani ya mfuko na kukigonga. Kwa hiyo anayekuambia "ongeza kikombe" hajui anakuambia uongeze nini.

Jaribio moja nililifanya kwa sababu najua wengi tunalazimika: siagi ya kopo ya kupaka mkate, yaani margarini, badala ya siagi ya maziwa. Soma pembeni mwa kopo. Margarini kamili inatakiwa kuwa na mafuta asilimia 80 au zaidi, lakini nyingi za kupaka mkate ziko chini ya hapo, na kilichojaza nafasi ni maji. Biskuti zangu zilitokota vipovu motoni na kutoka laini kama keki. Kama ndiyo uliyonayo, oka biskuti za jamu, usioke za kuchora.

Kipimo ninachokitumia sasa ni unga gramu 400, siagi 225 iliyotoka friji dakika kumi tu, sukari laini 150, yai moja, iliki ya kutosha, chumvi. Nasukuma donge kati ya karatasi mbili likiwa bado jipya, nalitia friji likiwa tayari bapa, nalikata likiwa la baridi, nalirudisha freza, na trei inaingia motoni ikiwa haijawahi kuwa ya moto siku ile. Ninafanya kazi hii baada ya alfajiri, kabla jua halijapanda, na siwashi oveni hadi kila nyota iko kwenye freza.

Chumba cha wifi yangu

Aisingi ilinichukua muda zaidi. Asali niliifuta. Rangi ya maji niliibadilisha kwa rangi nzito ya jeli, ambayo tone la ncha ya kijiti cha meno linatosha. Lakini kile kidude cha unyevu kilikuwa kinasoma 88 usiku, 90 alfajiri, na mchana wa mvua hakishuki chini ya 80. Hakuna rangi itakayoshinda hapo.

Wifi yangu anakaa Tabata na chumba chake kina kiyoyozi. Kiyoyozi kinafanya jambo ambalo feni haliwezi: kinakamua maji hewani, na ushahidi ni yale matone yanayodondoka nje ya dirisha. Mlango ukifungwa, kiyoyozi kwenye 24, baada ya saa moja kidude kilisoma 57. Aisingi iliyokaa pale kwa muda wa saa sita ilikuwa ngumu, nyeupe isiyo na doa, na ukiigonga kwa ukucha inatoa sauti.

Asiye na kiyoyozi ana oveni. Ipashe kidogo, izime, ngoja hadi mkono wako uvumilie ndani, weka trei na uache mlango wazi kiasi cha upana wa vidole vitatu. Hewa ileile ikipashwa joto unyevu wake kwa asilimia unashuka, na aisingi inapata pa kutolea maji. Rudia mara tatu au nne. Ni kazi ya kuchosha, na moto ukizidi nyeupe inageuka rangi ya maziwa yaliyoungua, lakini inawezekana, nimeifanya.

Lililonifundisha friji, yaani jasho, bado linakungoja hata ukitoka kwenye kiyoyozi. Kwa hiyo zifunge mlemle chumbani, kwenye mikebe yenye kifuniko cha kubana, na ukifika nyumbani usiifungue. Iache saa moja au zaidi hadi mkebe upate joto la nje. Umande utakaa juu ya bati. Biskuti zilizo ndani hazitajua kwamba mvua inanyesha.

Mwaka uliofuata Ustadhi aliagiza tena. Safari hii nilimwonyesha aina mbili, na akachagua sitini za mwezi wa kijani na arobaini za mama mkwe, zenye alama ya kikombe. Jumamosi tarehe 29 Machi 2025 nilikuwa Tabata tangu asubuhi na mikebe minane, jioni nikarudi Magomeni kwa bajaji, mapazia yameshushwa kwa sababu ya mvua, mikebe mapajani. Jumapili mwezi ulipotangazwa niliufungua wa kwanza mbele ya mama mkwe. Alichukua moja, akapitisha kidole juu ya kijani, akakitazama kidole.

"Kikavu," akasema, akaula mwezi wote.